Penseli Nyekundu ya Nukta

Nimesumbuliwa mara tatu kwa habari hii. Mara ya kwanza alikuja yule mama mshauri wa kliniki, mara ya pili akatuma barua, mara ya tatu akaja tena na chupa mbili za soda, kana kwamba mimi ni mtoto wa kubembelezwa. Anataka kile wanachokiita ushuhuda, auweke kwenye kijitabu chao kipya cha mambo ya mbegu za kiume za kuchangiwa. Nikamwambia mwenye habari ni mdogo wangu, yuko hai, ana mdomo na ana mashine ya kupiga chapa, kamuulize yeye. Akasema ametoka huko huko, na mdogo wangu amemjibu hivi: nendeni kwa dada, yeye hajui kupamba. Kama hiyo ni sifa au tusi, nitaulizana naye siku nyingine. Mimi shule niliishia darasa la tatu, herufi zangu ni kubwa kama mayai, na nikiinama mezani mgongo unanikumbusha umri. Lakini kuambiwa sijui sipendi. Basi soma, na usinikatishe.

Mdogo wangu wanamwita Nukta. Jina alipewa na wenzake wa barazani, kwa sababu akimaliza kusema jambo hugonga meza kwa kidole mara moja, na hapo maneno yamekwisha. Kazi yake ni kupiga chapa. Baraza anayokalia ni ya duka la karatasi na bahasha, mkabala na ofisi za serikali. Kulia kwake yuko mpiga picha za pasipoti, kushoto yuko mchonga mihuri. Meza yake ina mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha kigae, na juu yake kuna mashine, kopo la gundi na penseli moja nyekundu iliyochongwa pande zote mbili. Kompyuta zilipokuja watu walisema Nukta amekwisha. Hakwisha, kwa sababu watu walikuwa hawamfuatii mashine. Walimfuatia ile penseli.

Ujana wake alikuwa tarishi ndani ya ofisi zile zile, na moja ya kazi zake ilikuwa kumwaga vikapu vya taka. Akawa anasoma barua zilizotupwa. Akasoma moja, akasoma mia, akaona zimezaliwa tumbo moja. Nyingine zinalia, nyingine zinatisha, nyingine zinaapa kwamba kila mtu anajua jinsi mwombaji alivyoonewa. Zilizojibiwa hazikufika kikapuni, lakini alizibeba mkononi kuzipeleka masijala, na hizo zilikuwa fupi. Alipoacha utarishi na kununua mashine, aliondoka na elimu hiyo ya kikapuni.

Mpaka leo haandiki barua ya mtu kabla hajaipitia kwa penseli. Neno la kutisha analizungushia duara. Neno la kuomba huruma analipigia chini mstari wa mawimbi. Penye "kila mtu anajua" au "watu wote wanasema" anaweka msalaba. Na pale ambapo mwandishi ameruka kitu makusudi, anachora kidirisha pembeni, maana yake chungulia hapa. Akimaliza anamrudishia mwenyewe karatasi na kumwambia asome yasiyo na alama tu. Kisha anauliza, "Kinabaki nini?" Kinachobaki ndicho anachokipiga chapa. Mama mmoja alikuja na kurasa nne akaondoka na mistari mitano, akaenda kulalamika kwa mpiga picha kwamba amenyolewa kipara. Lakini alijibiwa baada ya wiki mbili.

Mkewe ni fundi wa pasi katika duka la dobi. Anasimama kutwa, na kwenye kifundo cha mkono ana alama ya kuungua yenye umbo la ncha ya pasi. Wanawake wengine wa mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye hakuwa na jina la kuitiwa, wakamwita Bi Pasi. Miaka saba ya ndoa ilipita hivyo. Watu walimsema, na sitaficha, hata mimi nilimsema, tena mbele yake. Halafu wakaenda kupimwa wote wawili, na daktari akasema mwanamke hana tatizo. Nukta ndiye hana mbegu. Aliugua matubwitubwi akiwa na miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini alipovimba. Nilidhani yaliishia mashavuni. Wifi sikumwomba radhi kwa mdomo, ila nilimpelekea kitambaa cha meza nilichokidarizi mwenyewe, na alikipokea.

Kliniki iliwaambia iko njia. Kuna wanaume wanaochangia mbegu zao, zinapimwa, zinahifadhiwa, na mke anaweza kupandikizwa. Wakapewa fomu yenye nafasi ya saini mbili. Irudishwe Ijumaa ya wiki inayofuata, la sivyo nafasi wapewe wengine wanaosubiri, na wao warudi mwisho wa foleni, ambayo ilikuwa ya mwaka mzima na zaidi. Bi Pasi alikuwa na miaka thelathini na tisa. Daktari alimwambia wazi kwamba kwa umri wake mwaka mmoja si kitu cha kuchezea. Yeye alikuwa tayari kutia saini pale pale. Nukta alisema kwanza wasome.

Jumapili mchana wakakaa mezani. Bi Pasi aliweka karatasi mbili: kipeperushi cha kliniki, na makala iliyokatwa gazetini na mwenzake wa kazini, ya mtu aliyejiita mtetezi wa familia. Nukta akachomoa penseli. Mkewe baadaye aliniambia kwamba alipoiona ile penseli alifurahi, akidhani sasa jambo litakwisha.

Kipeperushi kilikuwa na picha ya mume na mke wenye meno meupe wakimwangalia mtoto mchanga. Nukta alianzia hapo. Akauliza kama hao walipata mtoto kwa njia hiyo au walilipwa kupigwa picha tu. Haikuandikwa popote, akachora kidirisha. Pakaja "Maelfu ya familia zimekwisha kuchagua furaha." Msalaba kwenye maelfu. Na hilo neno furaha, alisema, limewekwa pale ili anayekataa aonekane kachagua huzuni. Pakaja "zawadi ya uhai kutoka kwa mwenye moyo wa kutoa." Mawimbi. Alimweleza mkewe kwamba ukiita kitu zawadi umemfunga mpokeaji mdomo, maana nani anapewa zawadi akauliza imetoka wapi? Halafu pakaja "Mwanamume wa kweli hamwachi mkewe akisubiri." Hapo alizungusha duara mara mbili na ncha ya penseli ikavunjika. Akageuza upande wa pili akaendelea.

Makala nayo haikupona. Kichwa chake kilisema mtoto si bidhaa. Nukta akasema hakuna aliyetamka kwamba mtoto ni bidhaa. Huyu bwana anajibu neno ambalo halikusemwa, kama mtu anayegombana na ukuta, na bila shaka ataushinda. "Leo mbegu, kesho mayai, keshokutwa watoto watapimwa kwa kilo." Duara. Alisema mwandishi anamsukuma msomaji ngazi ya kwanza halafu anamhesabu ameshafika chini. "Kila mwenye akili timamu anakubali." Msalaba, na alicheka kidogo, kwa sababu ni maneno ambayo yeye mwenyewe hufuta mara mbili kila wiki. "Wazee wetu waliishi bila haya." Nukta alikuwa bado anafikiri aweke alama gani, Bi Pasi akamwambia miwani aliyovaa nayo wazee waliishi bila hiyo, aivue basi.

Mbele kidogo mwandishi alimwita mtoto wa namna hiyo mtoto wa kuazima. Bi Pasi aliweka kikombe chini. Nukta alilizungushia duara, akasema hapa hakuna sababu yoyote iliyotolewa, ni jina tu limetupwa, na likishamshika mtu halihitaji tena sababu. Alilisema kwa sauti ile ile aliyosemea mengine.

Karibu na mwisho palikuwa na sentensi moja fupi: "Hakuna aliyemuuliza mtoto." Penseli ikabaki hewani.

"Wewe uliulizwa?" mkewe alimwambia.

Nukta akakiri kwamba hakuulizwa, wala hajamwona aliyeulizwa. Lakini sentensi ni ya kweli, akasema, na ya kweli haipigwi alama. Akaiacha. Kwenye kipeperushi vilevile aliacha moja, ile iliyosema kwamba mchangiaji hupimwa damu na magonjwa kabla mbegu zake hazijapokelewa. Karatasi mbili zilizojaa, na ndani yake sentensi mbili safi. Akagonga meza kwa kidole na kukunja miwani.

Bi Pasi alisogeza fomu mbele yake. Nukta akasema bado hawajasoma vya kutosha.

Jumatatu alitoka na karatasi nyingine kwenye maktaba. Jumanne akapata tatu, moja ya daktari, moja ya mwanasheria, moja ya mama aliyejifungua pacha kwa njia hiyo. Zote alizipitia pale barazani kati ya mteja na mteja. Mpiga picha akamuuliza ni za nani, Nukta akasema za mteja. Mpiga picha ni mtu wa mdomo. Akamwambia huyo mteja wake ana subira, au anangoja penseli iishe ndipo aamue? Mchonga mihuri akacheka. Nukta akainama zaidi. Yule mama wa pacha alimkuta na mawimbi kumi na moja katika ukurasa mmoja, na hiyo hesabu alikwenda nayo nyumbani kama mtu aliyeshika samaki mkubwa.

Jumatano jioni Bi Pasi alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akakuta meza imefunikwa karatasi na fomu iko chini yao. Aliitafuta mpaka akaipata. Sehemu yake ya saini ilikuwa imejazwa tangu Jumapili.

"Wote hawa umewasoma, na kila mmoja umejua alipokuwa anakuvuta," alisema. "Sasa na mimi niandikie. Wewe si mtu wa barua? Nifanye mimi ndiyo ofisi, nataka jibu lako kwa maandishi."

Nukta akaona ni ombi la haki. Kesho yake asubuhi aliwahi barazani kabla ya wenzake, akatia karatasi kwenye mashine, akaandika ukurasa mmoja na nusu bila kusimama. Nakala aliyonayo Bi Pasi nimeiona kwa macho yangu. Mtu yule aliyenyoa barua za watu miaka ishirini na miwili aliandika kitu ambacho mteja angemletea, angemfukuza nacho. Na hakukipitia kwa penseli. Alikikunja, akakitia kwenye bahasha, akakipitisha kwenye duka la dobi mchana na kumwachia mkewe juu ya meza ya pasi, akarudi zake kazini akijiona ametua mzigo.

Aliporudi nyumbani barua ilikuwa mezani, nyekundu mwanzo mpaka mwisho, na juu yake kipande cha penseli yake kuukuu.

"Kwa heshima kubwa na moyo uliojaa majonzi": mawimbi. "Kama ujuavyo, jamii yote inatutazama": msalaba. "Hebu fikiria siku atakapokua na kutukataa": duara. "Mimi nimevumilia mengi": mawimbi tena, mazito. "Uamuzi wowote utakaochukuliwa utakuwa kwa faida ya nyumba hii": pembeni kidirisha, na ndani ya kidirisha Bi Pasi ameandika kwa herufi ndogo, utachukuliwa na nani?

Nukta alisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani. Akauliza haya mambo kayajulia wapi.

"Miaka saba nafuta meza hii unayoletea barua za watu usiku, bwana. Ulidhani nafuta vumbi tu?"

Akabisha. Ni kawaida yake, kwetu wote ni kawaida. Alisema hapo penye kuvumilia amekosea, hilo si la kuomba huruma, ni la kweli kabisa, na la kweli halipigwi alama. Bi Pasi hakubishana. Alimwambia alisome kwa sauti. Nukta akaanza: mimi nimevumilia mengi. Akasita. Akarudia, safari hii taratibu, mbele ya mwanamke aliyesemwa na mtaa mzima kwa ugonjwa usio wake. Kisha akaivuta penseli na kuongeza mwenyewe mstari wa pili wa mawimbi chini ya ule wa kwanza.

"Kinabaki nini?" mkewe akauliza.

Kilibaki kimoja, katikati ya ukurasa wa pili, kimebanwa na maneno mengine kama mtu mwembamba kwenye benchi lililojaa. Nukta alikisoma.

"Naogopa nitakuwa namtazama mtoto na kumtafuta yule mtu usoni mwake."

Bi Pasi alivuta kiti akakaa. Alikuwa hajakaa tangu asubuhi. Alisema na yeye ana la kwake, hakuliandika kwa sababu hakuna aliyemwomba barua.

"Mimi naogopa siku akikuudhi utaniambia, mtoto wako."

Kwa mazoea Nukta aliinyanyua penseli. Mkono ulikaa hapo, halafu akaipachika sikioni.

Usiku huo haukuwa na jipya, walilala. Ijumaa walipoamka Nukta alizitandaza tena zile karatasi zote, za kukubali na za kukataa, akatafuta kitu kimoja. Hakukiona. Waliosifu hawakukisema, na waliolaani walikitumia kutisha lakini nao hawakukijibu. Akatia karatasi mpya kwenye mashine, ambayo kila jioni hurudi nayo nyumbani, hapo hapo mezani, mkewe amesimama nyuma yake na nguo za kazini. Mistari mitatu. Hofu ya mume kama alivyoisema. Hofu ya mke kama alivyoisema. Na wa tatu: Mtoto ataambiwa nini, na ataambiwa na nani?

Kliniki ina chumba kidogo chenye viti vitatu, mzani, na saa ya ukutani iliyo mbele kwa dakika tano. Yule mama mshauri, huyu huyu wa soda, aliipokea fomu, akaona sehemu ya mume iko tupu na karatasi imebanwa nyuma kwa pini. Alisema kwenye faili hakuna mahali pa viambatisho. Nukta akamwambia atoboe matundu mawili, patapatikana. Mama akaisoma. Akavua miwani. Inaonekana alikuwa na maneno aliyozoea kuwaambia watu, kwa sababu aliyaanza, akatazama tena ule mstari wa tatu, akayaacha.

"Hapa hamtaambiwa mchangiaji ni nani, na mtoto naye hataambiwa," alisema. "Kwamba alipatikana kwa njia hii, mtamwambia ninyi au hamtamwambia. Mimi sitakuwepo."

Nukta alimwomba ayarudie. Mama akayarudia, yale yale. Mdogo wangu aliniambia kwamba tangu Jumapili ile, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasikia kuhusu jambo hili ambayo hakuona pa kuweka penseli. Hayakumpendeza. Alimgeukia mkewe akamuuliza kama yeye ataweza kumwambia mtoto, na Bi Pasi akasema ataweza kama watakuwa wawili. Nukta akaomba kalamu. Akatia saini polepole, jina lote, halafu akagonga meza ya mama wa watu kwa kidole.

Mara ya kwanza mimba haikushika. Mara ya pili ikashika. Sasa ni binti wa miaka saba, mbishi, na ubishi ule sijui kautoa wapi kama si kwetu. Aliambiwa akiwa na mitano. Nukta aliandika kwanza atakachosema, Bi Pasi akapitisha penseli, yakabaki maneno yanayoenea kwenye kiganja. Mtoto akasikiliza. Akauliza kama huyo mtu ana baiskeli. Wakasema hawajui. Akauliza yeye lake la kununuliwa baiskeli limefikia wapi.

Sasa hapa mama mshauri angependa niishie. Siishii hapa. Ile hofu ya Nukta haikuondoka kwa saini. Nimemwona mwenyewe mtoto anakula na baba yake kaacha kula, anamtazama masikio, yale masikio madogo yaliyobanana na kichwa ambayo kwetu hakuna mwenye nayo. Akigundua naangalia, anachukua kijiko. Na ya Bi Pasi ilitokea. Mwaka jana mtoto alimwaga wino juu ya barua ya mteja iliyokuwa tayari, na Nukta akaropoka, "Mwambie mtoto wako hii meza si ya kuchezea." Bi Pasi aliinuka. Alikwenda kwenye droo, akatoa nakala ya ile mistari mitatu, akaiweka kando ya kikombe cha mumewe. Nukta alikunywa chai yote nayo iko pale. Alipomaliza alimwita binti, akampa kitambaa, wakaupangusa wino wakiwa wawili. Ile barua ya mteja akaipiga upya.

Basi, mama mshauri, umeipata. Ukiichapa, ichape nzima. Usinikatie masikio wala wino, na usiniwekee pembeni watu wenye meno meupe. Na wewe uliyepewa kijitabu hiki ukiwa na fomu mkononi, tafuta penseli nyekundu urudi mwanzo. Mimi ni dada yao, nawapenda, kwa hiyo kuna mahali nimekuvuta na mengine sikuyaona wakati naandika. Weka alama. Kisha niletee mwenyewe, kwa mkono, kliniki wanaijua nyumba yangu. Sitoki siku hizi. Na ujiandae, maana kila alama utakayoweka nitaibishia.